Tandiko la Wageni

Tarehe nne mwezi wa saba tulimzika Mama Mkubwa. Alikuwa dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba. Watu walinipa pole kama mtoto wa mdogo wake, nikaitikia. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza zaidi.

Siku ya tatu baada ya mazishi, binti yake Eliza aliniita chumbani tufungue kilindo. Kilindo ni pipa la gome la mti, lina kifuniko chake, na kwetu Iramba watu wengi waliwekea mtama na uwele. Mama Mkubwa aliwekea matandiko. Eliza alipoinua kifuniko ilitoka harufu ya gome kavu, majani ya mwarobaini na moshi wa zamani. Nikakaa chini sakafuni. Eliza alidhani ninalia. Sikuwa ninalia. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto mdogo anayetaka kujua mle ndani kuna nini, na kwa nini kinafichwa.

Mwalimu wetu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa pwani, matandiko ya aina ile aliyaita mifarishi. Sisi tuliyaita matandiko tu. Mama Mkubwa aliyashona kwa mkono. Mafundi cherehani wa Misigiri, kwenye kituo cha mabasi, walimwekea vipande walivyokata na kubakiza: vya vitenge, vya sare za shule, vya suruali za wazee. Alivipima kwa kipande cha boksi, akavikata pembe nne, akaviunga kimoja kimoja. Halafu aliweka blanketi lililochakaa katikati na shuka kwa nyuma, akapitisha sindano mstari kwa mstari mpaka vyote vikashikana. Tandiko moja lilikula kiangazi kizima, maana mvua zikianza kila mtu alikuwa shambani.

Yalikuwa matatu. Moja jekundu, moja la bluu, na moja halikuwa na rangi ya kutaja. Hilo tuliliita "lile jingine".

Kuyatunza kulikuwa na taratibu zake. Kilindo kilikaa juu ya mawe, na kuzunguka mawe aliweka majivu ili mchwa wasipande. Tandiko lilikunjwa uso ukiwa ndani. Kila alipolitoa na kulirudisha alilikunja kwa namna nyingine. Leo mara mbili, safari ijayo mara tatu, kitambaa kisije kikachoka mahali pamoja. Kila mwezi, asubuhi isiyo na unyevu, aliyatundika kwenye kamba upande wa nyumba wenye kivuli. Jua likianza kuzunguka kuja upande ule, aliyatoa mbio kama mtu anayetoa watoto kwenye mvua.

Mgeni akija ndipo mambo yalipobadilika. Kitanda cha chumba cha mbele kilitandikwa tandiko jekundu, na pazia la mlangoni lilifungwa fundo ili anayekaa sebuleni akione kitanda chote. Kona moja ya tandiko ilipinduliwa kidogo, nyuma ikaonekana. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kona ile ilikuwa ya wanawake. Mwanamke akiingia alikwenda moja kwa moja pale, akaishika, akatazama mishono ya nyuma, kisha ndipo akasalimia.

Mimi nilikutana na tandiko lile siku ya kwanza kabisa. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mama ameolewa Itigi na mwanamume ambaye hakutaka mtoto wa mwenzake. Nilikuwa nimekaa kwa bibi Shelui, bibi akaugua. Nikapelekwa kwa baba mdogo, mke wake akasema nyumba imejaa. Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa ya tatu kwa mwaka mmoja. Nilifika na lori lililobeba vitunguu, nikanuka vitunguu mpaka kichwani.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Umekula njiani?"

"Ndiyo."

"Umekula nini?"

"Karanga."

"Karanga siyo chakula. Eliza, weka maji ya ugali."

Nilipomaliza kula nilioneshwa kitanda cha chumba cha mbele. Tandiko jekundu lilikuwa limetandikwa, pazia limefungwa fundo. Sikuwahi kupewa kitanda peke yangu. Nililala juu ya tandiko badala ya kujifunika nalo, kwa kuogopa kulivuruga.

Siku zilizofuata kazi yangu ilikuwa kulichunguza. Nilihesabu vipande nikapotea, nikaanza upya. Kimoja kilikuwa na mfuko mdogo wa shati ulioachwa kama ulivyo, kidole changu kikiingia. Kingine kilikuwa na herufi za kitenge zilizokatwa katikati, na kwa kuwa nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kusoma, nilijitahidi kuzimalizia. Nilijiuliza fundi alimshonea nani, na huyo mtu anajua kwamba kipande cha nguo yake nakilalia mimi? Nilifurahi sana siku zile. Nilikuwa na hakika moja tu: hawa watu wamenitaka, ndiyo maana wamenipa kitu chao kizuri kuliko vyote.

Siku ya sita niliamka nimekojoa. Ni jambo la aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tandiko lilikuwa salama, nilikuwa nimelisukuma miguuni. Godoro ndilo lililolowa. Niligeuza godoro, nikatandika vizuri, nikanyamaza.

Siku ya nane nilirudi kutoka kisimani nikakuta kitanda kitupu. Pazia lilikuwa limeachiwa. Mama Mkubwa aliniambia, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, "Vitu vyako nimevipeleka kule kwa Eliza. Mtalala wote."

Kwa Eliza kulikuwa na ngozi ya ng'ombe chini na blanketi moja la kijivu. Eliza alikuwa amenizidi miaka mitatu, na alikuwa anapiga mateke usingizini kama punda. Lakini mateke hayakuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba nilijua sababu. Wamegeuza godoro, wameona. Sasa wanangoja lori.

Nilimuuliza Eliza tukiwa tunapepeta uwele. "Nitarudishwa lini?"

Akanitazama. Akaona hofu yangu, na mtoto akiona hofu ya mwenzake huwa haiachi hivi hivi. "Ukikojoa mara ya tatu," alisema.

"Kwani nani kakwambia?"

"Godoro limeniambia."

Akacheka mpaka akamwaga uwele, akakaripiwa. Mimi sikucheka. Nilianza kutokunywa maji kuanzia saa kumi jioni.

Na nilianza uchunguzi. Sijui neno jingine la kuita. Nilikuwa nataka kujua tandiko linakwenda kwa nani, na anayenyang'anywa anafanywa nini. Alikuja mchungaji kutoka mjini, akatandikiwa jekundu. Alikuja mnunuzi wa alizeti, akatandikiwa la bluu. Alikuja shangazi yake Baba Mkubwa, bibi mmoja asiyesikia vizuri, akatandikiwa jekundu, akaishika ile kona akasema kwa sauti kubwa, "Mishono imelegea kuliko mwaka ule!" Mama Mkubwa akanyamaza siku nzima.

Wote hao walipoondoka walibebeshwa kitu: kuku, karanga, kibuyu cha mafuta. Wote waliagwa mpaka njia panda. Nikajumlisha. Anayependwa anapewa tandiko. Asiyepewa hapendwi. Hesabu yangu ilikuwa na tobo, kwa sababu Eliza hakuwahi kupewa tandiko hata siku moja, na hakuwa na wasiwasi wowote. Nikaliziba tobo hilo kwa kusema Eliza amezaliwa humu, wa humu hahitaji tandiko. Mimi sikuzaliwa humu, na tandiko nimenyang'anywa. Basi mimi ni nani? Hapo ndipo akili yangu iliposimama kila mara.

Niliamua nifanye kitu kitakachomfanya Mama Mkubwa anione. Asubuhi moja alikwenda mashine kusaga, Baba Mkubwa alikuwa na mbuzi. Hewa ilikuwa kavu, na mwezi ulikuwa umepita bila matandiko kuanikwa. Nilifungua kilindo kwa mara ya kwanza. Nilipanda juu ya kigoda, nikaingiza kichwa mle ndani, nikavuta ile harufu mpaka nikapiga chafya. Sikuona siri yoyote. Matandiko matatu, majani makavu, basi. Nakumbuka kwamba hilo lilinishangaza kuliko kama ningekuta nyoka.

Nilitoa lile jekundu. Kamba ya kuanikia haikuwepo, ilikuwa imefungiwa ndama. Lakini ua ulikuwepo, mrefu, unaotazama njia. Ua ule ulikuwa wa minyaa, na kule Shelui kwa bibi ua wetu ulikuwa wa miiba mikavu, kwa hiyo mnyaa nilikuwa naujua kwa kuuona tu. Jana yake Baba Mkubwa alikuwa ameupunguza kwa panga, umenyooka vizuri kama meza. Eliza alikuwa akifagia uwanja. Aliniona napita na tandiko begani, akaendelea kufagia.

Nililitandaza juu ya ua, uso ukitazama njia. Hata kona niliipindua. Nikasimama kando nikingoja watu wapite.

Wa kwanza alikuwa Mama Zena, jirani yetu wa upande wa chini, anatoka dukani na chumvi.

"He! Leo kwa Mama Eliza kuna harusi? Mbona mimi sijaalikwa?"

"Shikamoo. Naanika."

"Marahaba. Unaanika au unauza? Maana ningekuwa na shilingi…" Akasogea. Alipoinua ukingo wa tandiko, lilitoa sauti kama ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. "Mungu wangu. Mtoto wewe, umeanika kwenye mnyaa uliokatwa jana!"

Pale matawi yalipokatwa ulikuwa umetoka utomvu mweupe. Nilikuwa nimeuona. Nilidhani ni kama maziwa, ukikauka unapanguswa. Mama Zena alivuta upande mmoja, mimi nikavuta mwingine, nyuzi zikakatika. Vipande vilikuwa na madoa yanayonata, na hata tukiwa tunatazama yalikuwa yanageuka rangi ya kahawia. Nilianza kulia, na nikilia huwa napangusa macho.

"Usiguse macho! Usiguse! Eliza! Lete maziwa, mbio!"

Nilikuwa nimeshagusa. Jicho la kushoto liliwaka moto. Mama Zena aliniangusha chini, akanishika kichwa kati ya magoti yake, akanimiminia maziwa ya mbuzi jichoni mpaka yakaingia sikioni. Halafu alinisugua mikono kwa mafuta ya alizeti, akisema huku akihema, "Mtoto wa watu huyu. Mtoto wa watu, akipofuka mama yake tutamwambia nini?"

Hivyo ndivyo Mama Mkubwa alivyotukuta, na ndoo ya unga kichwani. Alishusha ndoo. Alinivuta kope, akatazama jicho, akanifunika lile jingine, akaniuliza vidole vingapi. Nikasema vitatu. Vilikuwa vitatu. Ndipo akaliendea tandiko. Alilishika, akagusa madoa moja moja.

Kisha akachuma fimbo. Mimi nilichapwa mbili za miguuni, na Eliza akachapwa mbili.

"Mimi kwa nini?" Eliza alipiga kelele. "Mimi nimeanika?"

"Ulimwona, ukanyamaza."

Mama Zena akaingilia. "Mama Eliza, si umwache tu huyu mdogo. Ni mgeni, hajui minyaa yetu."

"Mgeni?" Mama Mkubwa alisema. "Mgeni mimi ningemchapa? Ndugu zake wote wangekuja hapa kuniuliza. Nani kakwambia nina mgeni humu ndani?"

Ningependa kuandika kwamba nilielewa papo hapo. Sikuelewa. Nilisikia neno moja tu, kwamba mimi si mgeni tena, na kwa jinsi nilivyokuwa nimejumlisha mambo yangu, mgeni ndiye aliyependwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikafunga nguo zangu kwenye khanga, nikakaa juu ya furushi langu. Eliza alikuja, miguu yake ina alama kama zangu. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia nangoja lori.

"Lori la kwenda wapi?"

"Sijui."

"Mjinga," alisema, lakini bila kucheka. "Njoo tule, ugali unapoa. Mama kasema tukishiba tuanze kufumua."

Tulifumua vipande kumi na viwili. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu, kila alasiri, sisi watatu chini ya ukuta wa mashariki. Mama Mkubwa alinipa sindano ya kwanza niliyowahi kumiliki. Aliniumiza kidogo kwa maneno, maana hakuwa mtu wa maneno matamu. "Huu ni mshono au ni njia ya mbuzi?" aliuliza. "Fumua." Nilifumua. Siku nyingine alisema, "Hapa afadhali," na afadhali yake niliibeba mpaka usiku. Nilimuuliza mambo yote niliyokuwa nataka kujua. Kwa nini uso unakunjwa ndani? Kwa nini lile jingine halitandikwi? Alijibu yote. Lile jingine lilikuwa la kwanza kushona, akasema, na lilikuwa baya, na mtu hatupi alichoanzia. Swali moja tu sikuthubutu kuuliza, nalo ndilo nililokuwa nalo toka asubuhi hadi jioni: nitakaa humu mpaka lini?

Mama alikuja mvua zilipokaribia. Hakutoa taarifa. Tulimwona tu anapanda njia na galoni la asali mkononi na viatu vyangu vipya kwapani. Nilimkimbilia. Alinuka moshi wa treni, au ndivyo nilivyotaka anuke.

Walisalimiana kwa muda, yeye na dada yake, habari za mume, habari za Itigi, habari za mavuno. Kisha Mama Mkubwa akanigeukia.

"Kamtandikie mgeni."

Nilikwenda kwenye kilindo. Nilitoa jekundu, nikalitandika, nikavuta mikunjo yote, nikafunga pazia fundo, nikapindua kona. Ni wakati ninaipindua ile kona, mikono yangu ikiwa bado kwenye kitambaa, ndipo nilipoona nilichokuwa sikioni. Mama yangu mwenyewe ndiye mgeni. Kesho au keshokutwa atabebeshwa kuku na kusindikizwa.

Mama aliingia, akaketi kitandani. Mkono wake ukaenda kwenye kona kama wanawake wote.

"Nani kashona hapa?" aliuliza. "Dada hashoni hivi."

"Mimi."

Akapapasa mishono yangu kwa kidole gumba. Halafu akasema kwa sauti ya kufika sebuleni, "Dada, nimekuja tuongee habari ya mtoto. Yule bwana amelegea kidogo. Anasema nikitaka nimchukue."

Nilikuwa nimemngoja mama mwaka mzima, na sasa amesema, na nilikuwa natazama miguu yangu.

"Tutaongea," alijibu Mama Mkubwa. "Wewe mtoto, maji ya jioni yamechotwa? Eliza anakungoja mlangoni, na nyie mnasimama kama wageni."

Nikaenda kuchota maji. Sijui waliongea nini. Tuliporudi mama alikuwa na macho mekundu na Mama Mkubwa alikuwa anachinja kuku. Nilimuuliza Eliza anadhani wameamua nini. Akasema hajui, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Asubuhi ya pili mama aliondoka. Mama Mkubwa alimsindikiza hadi njia panda, akamkabidhi kuku, akarudi. Mimi na Eliza tukambebea mizigo mpaka Misigiri. Hakuna aliyekuwa ameniambia lolote. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, vinanibana, na nilikuwa sijui kama nimevaa kwa safari au kwa kusindikiza. Nguo zangu zilikuwa zimebaki nyumbani, lakini nilijiambia nguo si kitu, zinaweza kufuata.

Basi lilikuja likipiga honi kutoka mbali. Mama alinishika mabega. Alinitazama kama mtu anayehesabu kitu, akaanza tena, akapotea. Kondakta alikuwa ameshateremka, anapakia kuku.

"Twende, mama, twende! Na huyu mtoto naye anapanda? Kama anapanda apakatwe, siti hakuna."

Watu walitazama kupitia madirishani. Aliondoa mikono yake mabegani kwangu, wa kushoto kwanza, kisha wa kulia.

"Hapandi," alisema. "Huyu ni wa hapa."

Akapanda. Mlango ukafungwa. Eliza alingoja vumbi litulie, kisha akaniambia nivue vile viatu nivibebe, maana njia ni ndefu na ndama hajafunguliwa. Nikavivua, tukaenda.